Chipukizi la Bi Holle

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Harz, Wieland akatoka uani na mkasi wake. Kazi ndogo tu. Alitaka chipukizi moja la mti wa Bi Holle, mti ambao wanakijiji husema una mwenyewe ndani, pepo wa kike. Angelipiga picha kwa karibu, nyeusi na nyeupe, alikuze mpaka lionekane kama nguzo ya kanisa. Picha za namna hiyo ndizo zilizompa sifa huko Berlin.

Dirisha la jikoni likafunguka. Mama yake, Gesine, akachungulia.

"Mwanangu, vua kofia umwombe kwanza. Ukimkata Bi Holle bila ruhusa, na yeye atakata cha kwenu."

Lothar, mgeni aliyekuja naye kutoka Berlin, akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. "Makubwa haya. Kumbe huku miti inapigiwa hodi? Na huyu bibi wa dirishani ni nani?"

Wieland akaona uso unamwaka. Aproni ya mama ilijaa viraka.

"Mtumishi wetu wa zamani," akasema.

Gesine alisikia. Akafunga dirisha taratibu.

Wieland akakata.

Mti ukavuta pumzi... kama mtu aliyeumia. Harufu ikapanda, vitunguu na sabuni, harufu ya mikono inayopika.

Akapiga picha harakaharaka, akajifungia stoo na taa nyekundu, akatumbukiza kioo cha picha kwenye dawa ya kusafishia. Picha ikaanza kuja. Polepole... Shina. Vichomozo vitano. Kisha kucha.

Mkono.

Umekatwa kwenye kifundo. Kidole cha mwisho kimepinda, kile kile alichovunja Gesine akimtoa Wieland kwenye barafu, enzi za utoto wake.

Akakimbilia jikoni. Mama ameketi gizani, mkono wa kulia kauficha ndani ya aproni.

"Mama... nionyeshe mkono."

"Mgeni wako yuko wapi?" akanong'ona.

"Mlangoni."

"Nenda kamwambie mimi ni nani kwako. Ukisema kweli sasa hivi, labda Bi Holle atanirudishia."

Wieland akaenda. Lothar akamgeukia, anatabasamu. "Vipi, mtumishi kakukaripia?"

Neno moja tu. Mama. Akafumbua mdomo alitamke.

"Supu iko tayari," akasema Wieland.

Nyuma yake, gizani, kitu kikadondoka sakafuni. Kikavu. Chepesi. Kama kijiti.