Mke wa Kwenye Orodha

Siku ya soko Kasongo, mwaka 1955, Lukumani alisimama barazani kwa fundi wa nguo, mikono ameinyoosha kama mtu anayepekuliwa, huku msichana asiyemjua akimpima kifua. Soko lilikuwa limefurika, harufu ya mawese na samaki wa kukaushwa wa Nyangwe imejaa mpaka barazani. Msichana mwenyewe alivaa kitenge cha manjano na kilemba chekundu, na alinukia sabuni.

"Pumua basi," akamwambia. "Ukibana pumzi, hii shati itakupasukia mbele ya tembo."

"Nitapumua namna gani, na wewe iko karibu hivi?"

Akacheka. Aliitwa Mwanvua, binti wa mzee Assumani mwenye duka, na fundi alikuwa yeye mwenyewe. Kwa kicheko kile Lukumani alikwisha. Yeye alikuwa mlinzi wa hifadhi ya wanyama upande wa Kabambare. Buti, mablanketi, dawa na hizo sare mpya, walinzi walipewa na Chama cha Marafiki wa Hifadhi, kundi la watu wa Ulaya waliojitolea kuisaidia serikali.

Miezi minne barua zilikwenda na kurudi kwa mkono wa dereva wa lori. Alimwita ua lake, naye Mwanvua akamjibu kwamba maua huliwa na mbuzi, atafute jina lingine. Kila lori likija Kasongo, Lukumani alikuwa juu yake, shati limepigwa pasi. Mzee Assumani alishaanza kuuliza ukoo wake, na hiyo haikuwa dalili mbaya. Soko zima lilishajua habari yao.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Lukumani hakuliandika katika barua hata moja. Mwaka uliotangulia, Chama kilijenga nyumba za matofali kwa walinzi wenye wake, na katika jamaa zao muuguzi wa Chama alitibu wake na watoto tu. Karani wa Chama, Placide, alipita na orodha, akauliza, "Muke wako jina nani?" Lukumani akajibu, "Amisa."

Amisa alikuwa nyanya yake, mama wa mama yake, aliyemlea na ambaye sasa kifua kilikuwa kikimsumbua. Kwao, kijana humwita nyanya yake "muke wangu" kwa utani, hata karani alikuwa na mke wa namna hiyo nyumbani. Ila karani siku ile hakuwa anatania, na Lukumani alilijua hilo vizuri. Akapewa nyumba.

Basi zikaja habari kwamba madamu mmoja wa Chama anatoka Ulaya kuwaona walinzi, na kila mke wa mlinzi ashonewe gauni. Orodha ikapelekwa kwa Mwanvua. Siku hiyo barazani walikuwapo karani na walinzi wanne, na Lukumani wa tano.

"Lukumani. Muke, Amisa," alisoma Mwanvua. Akainua macho. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Muke wako iko munene ao mwembamba?"

Ilibaki kufungua kinywa tu aseme kweli. Lakini karani alikuwa pale na kalamu yake, na Lukumani alifikiria kikohozi cha nyanya yake.

"Mwembamba," akasema. "Mabega yamelala kidogo."

Mwanvua akaandika, akasoma jina lililofuata. Barua zote zilizofuata zilirudi bila kufunguliwa. Lukumani aliona haya hata kujitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Mwezi ukapita. Madamu akafika Kabambare, na Mwanvua akaja na lori lilelile kugawa magauni. Lukumani alikuwa amemwacha mzee Amisa ndani, akidhamiria kusema mkewe ni mgonjwa, achukue gauni, aondoke. Jina likaitwa. Mwanvua akalikunjua gauni bila kumtazama, na Lukumani akaona kwamba halikuwa na mfano pale. Mabegani alikuwa ametia marinda madogo madogo, ili lisimteleze mwanamke wa mabega yaliyolala.

Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Karani, mwambie madamu nilidanganya," akasema, wote wakisikia. "Sina muke. Amisa ni mama wa mama yangu. Nilimwandikisha apate dawa."

Wanawake wakacheka. Walinzi wenzake wakatazama chini. Karani na madamu walizungumza Kifaransa kwa kitambo, kisha hukumu ikatoka: kazi abaki nayo, habari ya dawa madamu ataiuliza kwao Ulaya, na nyumba apewe Kassimu, mlinzi mwenzake aliyekosa kwa kuwa nyumba hazikutosha. Kassimu alikuwa na watoto wanne chini ya paa linalovuja. Mwaka mzima Lukumani alikuwa akizunguka porini pamoja naye, na siku zote hizo hakuwa amemfikiria. Hapo alitamani ardhi ipasuke.

Alasiri, Lukumani akiwa anatoa mikeka nje ili ahame, Mwanvua alimfuata. Alimvika kwanza mzee Amisa gauni lake, akamfunga vifungo kimoja kimoja, wakaongea kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Lukumani.

"Ulinikana mbele ya watu. Leo umesema kweli kwa sababu gani?"

"Kwa ile gauni. Uliishona vizuri hivi, ya mutu uliyemuchukia. Nikaona mimi si mutu."

Mwanvua akanyoosha rinda moja begani mwa mzee Amisa.

"Ukitaka kuniomba kwa baba, kuja Kasongo siku ya soko. Simama pale barazani, useme kama ulivyosema leo, soko yote isikie."

"Watanicheka, Mwanvua."

"Watatucheka sisi wawili," akasema. "Mimi nimechekwa mwezi muzima peke yangu."