Idadi ya Wasafiri

Jumamosi asubuhi ofisi ya tiketi ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Watoto walilala juu ya masanduku, mzee mmoja alikuwa akigombana na simu yake, na feni ilizungusha joto lilelile bila kulipunguza. Fundi wa meno alikaa pembeni na namba yake mkononi. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imenyooshwa vizuri, lakini miguuni alivaa viatu vya kazini vyenye vumbi la plasta. Alisahau kuvibadilisha. Wiki tatu hizo alikuwa akisahau mambo mengi.

Zamu yake ilipofika alipewa fomu, na kalamu ikagoma. Karani akamsogezea yake. Alijaza jina, kazi, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Alipofika kwenye mstari wa idadi ya wasafiri, aliandika moja, na aliikandamiza kwa nguvu mpaka ncha ikatoboa karatasi na kuacha alama ya wino juu ya meza.

"Samahani," alisema.

"Meza hii imeshazoea," karani akamjibu, akatabasamu.

Fundi wa meno alikuwa na tabia ya kutazama kinywa cha mtu kabla ya macho. Mwaka wa kumi huu alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati, na midomo ya watu ilimwambia mengi. Huyu jino lake moja la mbele lilikuwa limeegemea mwenzake, kama mtu aliyechoka kusimama. Akajikuta analipenda jino lile, kisha akajionea haya.

Karani alimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema popote nje ya nchi, siku nne, mji ambao hakuna anayemjua. Wateja wengine wangeletewa vitabu vya picha. Karani yeye aliweka kalamu chini, akafikiri kidogo.

"Unataka kwenda kuona vitu," aliuliza, "au unataka uende mahali vitu visikuone?"

Hapo fundi wa meno akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mchumba wake amwandikie ujumbe wa mistari miwili kwamba harusi haipo. Likizo ya harusi ilikuwa imeshapitishwa, na daktari alikuwa ameshapata mtu wa kushika nafasi yake. Akamsimulia karani yote hayo. Kilichobaki ni kuchagua: siku ile ya harusi akae nyumbani, shangazi zake waje kumfariji kwa zamu, au awe mbali.

Kuchagua mji kulichukua wiki mbili. Ilikuwepo miji mitatu mezani. Mmoja ulikuwa mkubwa mno. Karani alisema mtu mwenye jeraha asipelekwe mahali pa kubadilisha treni mara nne. Wa pili ulikuwa na pwani nzuri, akaufuta mwenyewe bila kuulizwa, kwa sababu pwani zile hujaa maharusi. Ukabaki mji mdogo wa kale uliokatwa na mto katikati, ambao mtu angeuzunguka wote kwa miguu kati ya asubuhi na jioni.

Karani alikuwa mtu wa utaratibu. Wenzake ofisini walimwita Bwana Ratiba, na fundi wa meno naye akalishika jina hilo. Karani yeye akamwita Msafiri. Kila mchana alimpigia simu, naye fundi wa meno akaibana simu kwa bega huku vidole vikikanda nta ya moto ya kuundia meno. Viatu vyake vina soli gani? Huko barabara ni za mawe. Anaamka saa ngapi? Anaogopa lifti?

"Bwana Ratiba, hata mama yangu hajui ninaogopa lifti."

"Basi nimekupa chumba cha ghorofa ya kwanza. Mama usimwambie, asinionee wivu."

Dada yake, aliyekuwa akimsikiliza jikoni siku ambazo simu ilimkuta nyumbani, alikunja midomo. Akasema hajawahi kuona karani wa tiketi anayeuliza mtu kama hulala upande wa ukutani. Fundi wa meno akamwambia hiyo ni kazi yake. "Ni kazi yake, ndiyo," dada alisema. "Mimi nilipopanda basi kwenda kwa wakwe, karani aliniuliza kama nina mbuzi."

Jumatatu moja Bwana Ratiba alimpa karatasi ya ratiba, imeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima. Mikahawa yote aliyoichagua ilikuwa na viti virefu vinavyotazama dirisha. Alimweleza sababu kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la kuomba radhi: mtu anayekula peke yake mezani hutazamana na kiti kitupu, bali akikaa dirishani hutazamana na barabara. Siku ya pili, ile iliyokuwa iwe ya harusi, alikuwa ameandika mistari michache tu. *Asubuhi, lala. Mchana, bustani ya kando ya mto. Saa iache chumbani.*

Usiku ule fundi wa meno aliisoma karatasi ile mpaka akaijua kwa moyo. Akagundua kwamba kila mahali alipokuwa akijiona katika mji ule, kulikuwa na mtu wa pili karibu yake, mwenye jino lililoegemea.

Alhamisi alikwenda ofisini amejipamba. Alivaa gauni la kijani lililomkaa, hereni za dada yake, viatu visivyo na plasta hata punje. Bwana Ratiba alisimama alipomwona, akakaa tena, akaweka kiganja juu ya karatasi fulani iliyokuwa mezani na hakukiondoa.

Walizungumza kuhusu mizigo. Halafu fundi wa meno akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao.

"Hivi nikitaka kubadilisha ile namba kwenye fomu," alisema, "iwe wawili, bado inawezekana?"

Rangi ilimtoka Bwana Ratiba. Aliitazama ile moja iliyotoboa karatasi, na kichwani mwake akamwona mchumba aliyetoroka akirudi mlangoni na mkoba begani.

"Inawezekana," alijibu. "Ni haki yako. Nitahitaji jina lake tu."

*Jina lake.* Fundi wa meno alilisikia neno lile kama mlango unaofungwa polepole. Kumbe kwake alikuwa mteja kama wateja wengine. Kama angekuwa na nafasi moyoni mwa mtu huyu, huyo asingejua kwamba jina hilo ni lake mwenyewe?

"Sina jina la kukupa," alisema. "Iache ilivyo." Akachukua pochi yake, akatoka. Simu ya siku iliyofuata haikuja. Jumamosi tiketi alipewa na Mama Mihuri, karani mkongwe wa meza ya jirani, aliyemtazama kama anataka kusema neno, kisha akagonga muhuri.

Ndani ya ndege alikaa dirishani. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu, naye akafurahi kupata nafasi. Akaweka pale pochi yake, koti na mkate alioununua uwanjani.

Mji ulikuwa kama alivyoandikiwa. Barabara za mawe, chumba cha ghorofa ya kwanza, kitanda upande wa ukutani. Siku ya pili aliiacha saa chumbani. Alikaa kwenye kiti kirefu cha dirishani, akaona watu wakipita na miavuli, akalia kwa utulivu bila mtu kumtazama usoni. Alipomaliza alijihisi mwepesi, na mtu wa kwanza aliyetaka kumweleza alikuwa Bwana Ratiba. Simu yake haikupatikana. Akapiga ofisini, akapokea Mama Mihuri.

"Hayupo tena hapa, mwanangu. Amekwenda kufungua tawi letu la nje. Miezi yote wakimwomba alikataa. Ijumaa ile, siku moja baada ya wewe kuja na gauni la kijani, akasaini."

Mama Mihuri akashusha pumzi, akaendelea. Alipokuwa akisafisha meza ya kijana alikuta fomu. Ndege ileile, tarehe zilezile. Idadi ya wasafiri, moja. Jina lilikuwa la Bwana Ratiba mwenyewe, na kiti kilichoombwa ni kile cha kando ya dirisha la fundi wa meno, kwenda na kurudi. Ilikuwa imejazwa wiki moja kabla ya Alhamisi ile.

"Nilimpigia nikamuuliza kwa nini hakuomba mwandikwe pamoja. Akaniambia, ile moja yake aliiandika kwa uchungu, siwezi kuigusa. Acha niandike yangu pembeni."

Kesho yake mchana simu iliita kwa namba ya ugenini.

"Msafiri," alisema. "Mama Mihuri amenieleza."

"Ungeniuliza, Bwana Ratiba."

"Uliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka."

"Ile haikuwa yako. Ilikuwa ya yule aliyenikimbia."

Nyuma ya sauti ya Bwana Ratiba fundi wa meno alisikia watu wakiongea lugha asiyoijua na masanduku yakiburutwa sakafuni. Akamuuliza atakaa huko muda gani. Miaka mitatu, alijibu, na mkataba hauna njia ya nyuma. Fundi wa meno akamwambia atamngoja.

"Usiningoje," alisema taratibu. "Umeshamngoja mtu mmoja mwaka huu."

"Unaona? Ndiyo kosa lako hilo. Unawapangia watu kila kitu, hata majonzi yao."

Alimsikia akicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika mahali kisipotakiwa kukatika. Akamtakia safari njema. Hakusema kwaheri, wala fundi wa meno hakuisema.

Siku ya nne alipanda ndege ya kurudi. Kiti cha kando kilikuwa kitupu tena. Mhudumu aliyekuwa akipita alimwona amekumbatia pochi na koti magotini, amejibana kama mtu aliyezungukwa na watu.

"Weka hapo mizigo yako, dada, unyooshe mikono. Hapana mtu."

"Najua," alisema fundi wa meno.

Akaipakata pochi yake mpaka ndege ilipotua.