Mgongoni kwa Kache

Mwaka wa kwanza wa uhuru, soko la Kombani limefurika watu, na Kache anarukaruka peke yake mbele ya ukuta. Leso kaifunga kibwebwe, miguu mitupu, jasho tele. Kila akiruka anaupiga ukuta kiganja. Na chokaa mbichi!

"We dada! Ukuta wangu huo!" akafoka Chirau, fundi wa rangi, brashi mkononi.

"Ukuta wa serikali. Chako wewe ni hicho kindoo."

Chirau akacheka, hasira zikamtoka. "Huko juu unatafuta nini?"

"Mpira. Siku ya Jamhuri sisi wanawake wa Kombani tunacheza na wa Msambweni, na kona zote zinanipita juu ya kichwa. Miguu haina nguvu."

"Basi beba mzigo, uchuchumae, uinuke. Makuli ndivyo wanavyopata mapaja."

"Mzigo gani?"

"Mimi hapa."

Ikawa kila alasiri, nyuma ya soko, Chirau yuko mgongoni, Kache anachuchumaa na kuinuka mara thelathini. Haikupita wiki, wakawa wapenzi.

"Mpenzi, mbona leo mzito hivi?"

"Mapenzi hayo."

"Mapenzi gani yananuka pilau?"

Wiki ya tatu kiganja cha Kache kilifika shibiri nzima juu ya pale pa mwanzo. Siku hiyohiyo vijana wa kijiji cha Gazi wakawafuma.

"Chirau! Umeolewa? Unabebwa kama kitoto kichanga!"

Chirau akaruka chini, uso umemwiva. "Huyu? Hata simjui!"

Kache aliokota viatu vyake akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa anabeba gunia la nazi, na salamu za Chirau haitikii.

Siku ya Jamhuri ikafika. Mabao ni moja kwa moja, dakika chache zimebaki, Kombani wamepata kona. Chirau, shati jeupe limepigwa pasi, akapenya watu mpaka kwenye mstari. Vijana wa Gazi walikuwepo, na aliwaona.

"Kache! Nilikukana kwa ujinga wangu! Jamani, aliyebebwa ni mimi, na nataka kumuoa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mamangu umemwamkia?" Kache akauliza, macho kwenye mpira.

"Bado."

"Yule pale, mwenye leso ya manjano. Nenda. Mimi nina kazi."

Chirau akaenda mbio, akachuchumaa kwa adabu. "Shikamoo mama. Nimekuja kwa jambo la..."

Nyuma yake watu wakapiga ukelele. Mama keshasimama, anapiga vigelegele. "Bao la kichwa! Mwanangu karuka, kawapita wote!"

"Mama, na posa yangu?"

"Lete wazee wako Ijumaa. Sasa nipishe, unanizibia."