Kuponi Nne za Sabuni

Kila Jumapili asubuhi Lenora na mama yake walikaa mezani, mkasi mkononi, gazeti mbele yao. Ndani ya gazeti mlikuwa na karatasi za kuponi za kupunguziwa bei dukani, nao walizikata moja moja: dawa ya meno, karatasi za chooni, sabuni. Mshahara wa mama kutoka kiwanda cha vioo hapo Toledo, Marekani, haukufika mbali bila kuponi hizo.

"Wiki hii duka la dawa na vitu vya nyumbani limeshusha bei ya sabuni ya kufulia," mama alisema. "Ukiongeza na kuponi, chupa inakuwa dola moja tu. Laiti tungekuwa na kuponi nne!"

Lenora alivaa koti, akatoka. Majirani walikuwa bado wamelala, magazeti yao yako vibarazani. Alichomoa karatasi za kuponi katika magazeti matatu. La mwisho lilikuwa la Bi. Novak, bibi wa nyumba ya pili. "Hawa hata hawazitumii," alijiambia. Loo, mwizi hakosi sababu!

"Majirani wamenipa," alimwambia mama, naye mama akambusu.

Mchana walikwenda dukani. Mbele yao kwenye foleni alisimama Bi. Novak na chupa moja ya sabuni.

"Bila kuponi ni dola sita, bibi," alisema mwenye kupokea pesa.

"Sita! Wiki hii gazeti langu limekuja tupu, mwanangu. Basi irudishe. Nitafulia ile ya kuoshea vyombo."

Mtaa mzima ulijua kwamba mumewe alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kwamba alifua shuka zake kila siku. Lenora alihisi masikio yakiwaka moto.

"Ngoja, Bi. Novak!" mama aliita. "Chukua kuponi yetu moja. Lenora kapewa nyingi na majirani."

"Majirani gani hao?" Bi. Novak alishangaa. "Mtaani kwetu nani asiyekata kuponi?"

Mama alimgeukia binti yake. Lenora alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikupewa," alisema, machozi yakimtoka. "Nilizichukua vibarazani. Hii ni yako, Bi. Novak. Nisamehe."

"Kumbe ni wewe!" Bi. Novak alishika kiuno. "Nami tangu asubuhi namtukana mleta magazeti wa watu bure!"

Siku hiyo Lenora na mama walinunua chupa moja tu, kwa kuponi yao wenyewe. Waliporudi, Lenora aligonga milango miwili iliyobaki, akarudisha karatasi na kuomba radhi. Mlango mmoja ulifungwa mbele ya uso wake. Mama alimsubiri barabarani, hakumsaidia hata neno moja.

"Kubana matumizi ni jambo jema, mwanangu," alimwambia baadaye. "Lakini zile dola ulizotaka kutuokolea zilikuwa zinatoka mfukoni mwa Bi. Novak. Hiyo si akiba, ni wizi. Na uliponidanganya, ulinitia na mimi ndani ya wizi huo."

Jumapili iliyofuata mlango uligongwa asubuhi na mapema. Alikuwa Bi. Novak, gazeti kwapani na mkasi mkononi.

"Sogea huko," alimwambia Lenora, akivuta kiti. "Kuanzia leo nakatia kuponi zangu hapa hapa, nikikuona kwa macho yangu mawili."

Lenora alimpisha, kisha akaenda kumtilia chai.