Maharage ya Kapuni

Asubuhi kwetu ilianza kwa sauti ya mfuniko. Binti yangu aliamka kabla yangu, akabandika sufuria ya maharage aliyoyaloweka usiku, na maji yakianza kuchemka mfuniko unagongagonga. Hapo ndipo na mimi nilipoamka. Navaa, nakunywa chai ya rangi, natoka kwenda kiwandani. Siku zile hakuna aliyekuwa na la kusema nyumbani.

Tulikuwa watatu. Mimi, binti yangu wa darasa la sita tuliyemwita Njiti kwa wembamba wake, na mdogo wake wa darasa la kwanza, Bonge, aliyezaliwa na mashavu kama ameficha maandazi. Mke wangu alifariki kabla ya mvua kuanza. Alilazwa hospitali kubwa, wakatuambia dawa iko njiani. Ni njia gani hiyo, sijui mpaka leo. Dawa haikufika, na waliosema inakuja bado wako kwenye viti vyao, wanapepewa na feni.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani na kazi zake hazikuisha. Mimi nakata sponji kwenye kiwanda cha magodoro, na kiwanda hakijui kama mtu ana watoto. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa na njia yake ya kupika. Alichukua kapu kubwa, akalizungushia ndani vipande vya sponji nilivyomletea, akashona na mto wa kufunika juu. Asubuhi anachemsha maharage, anayaacha yatokote kwa muda, halafu anaitia sufuria kapuni ingali inatokota, anafunika, tunaondoka. Hakuna moto wala mtu wa kuchochea. Jioni tunakuta yamelainika. Anayarudisha motoni yachemke tena, anakaanga kitunguu na nyanya, anamimina, na kabla watoto hawajamaliza kunawa mikono chakula kiko mezani. Majirani walimtania, "Wewe mwanamke, umefungia mpishi humo kapuni!"

Alipotutoka, Njiti alilishika kapu. Hakuna aliyemtuma. Wageni wa msiba waliondoka, nikarudi kazini, na jioni nikakuta chakula. Nikala. Sikuuliza kimetoka wapi. Kijiko kilikwenda mdomoni na kurudi, basi.

Aliyeuliza ni dada yangu, shangazi yao, siku alipokuja kututazama. Aliingia jikoni, akafunua mto, akanigeukia.

"Kaka, huyu mtoto ndiye anayewapikia?"

"Ndiye."

"Na Bonge akitoka shule mchana anakula nini, wewe uko kwenye magodoro yako?"

"Kinachopatikana."

"Kinachopatikana! Sasa nisikilize vizuri. Siku nitakayosikia mtoto ameungua, au ameumwa tumbo kwa mapishi haya ya kubahatisha, namchukua Bonge, nakaa naye mimi. Wala sitaomba ruhusa ya mtu."

"Sawa," nilimjibu. Siku zile nilijibu sawa kwa kila kitu.

Njiti alikuwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi, akayasikia yote. Shangazi anakaa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Bonge akichukuliwa, Njiti angebaki na mimi, yaani angebaki peke yake.

Baadaye kiwandani tuliletewa oda kubwa. Msimamizi akatangaza kwamba hakuna kutoka mapema. Mzee mmoja akamwambia tuna familia. Msimamizi akacheka, akasema, "Na watu wa oda wana migongo, wanataka magodoro." Ndivyo walivyo. Nikawa narudi nimechelewa, sina hamu ya kula, na chakula kinabaki.

Mke wangu hakuwa akilaza chakula. Kikibaki alipeleka kwa jirani, na kapu alilianika juani likauke. Njiti hilo hakulijua, au alilijua akalisahau. Jioni moja sufuria ilibaki nusu. Kesho yake alikuwa na mtihani na hakutaka kuhangaika na moto. Akawaza hivi: kapu linapika bila moto, litashindwaje kutunza? Akairudisha sufuria kapuni na maharage yake vuguvugu, akaifunika vizuri kama mama yake alivyofanya, ili Bonge apate cha kula mchana. Bonge akatoka shule, akajipakulia, akala.

Niliporudi nilimkuta mtoto amejikunja sakafuni anatapika maji matupu. Njiti alikuwa akimfuta mdomo kwa taulo. Nikambeba Bonge mgongoni, tukaenda zahanati. Muuguzi alimtazama macho, akamfinya ngozi ya tumbo, akamtundikia dripu.

"Amekula nini huyu?" akauliza.

Nilimtazama Njiti. Njiti alitazama ukuta.

"Uji wa shule," akasema.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hakula kitu."

"Mmemwahi," muuguzi akaniambia. "Maji yalikuwa yanamwishia mwilini. Mngengoja asubuhi, ningesema mengine."

Hapo kitu kikaamka ndani yangu. Haikuwa huzuni, huzuni ilikuwa imenigandia kama uji uliopoa. Ilikuwa hasira. Wakubwa wa hospitali ile walikuwa na geti na mlinzi, sikuweza kuwafikia. Lakini shule yetu haina geti.

Asubuhi sikwenda kiwandani. Niliingia ofisi ya mwalimu mkuu bila kubisha hodi wala kusalimia.

"Mnawalisha nini watoto wetu?"

"Kaa kwanza, mzazi."

"Nilikaa hospitali! Nilikaa mpaka nikaambiwa nikachukue mwili. Leo sikai."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Pole sana. Lakini watoto wote wamekunywa uji wa sufuria ile ile. Mbona wengine wako..."

"Unangoja wafe wangapi ndipo ujue kwamba hata mmoja ni mtoto wa mtu?"

Sauti yangu ilifika madarasani. Walimu walichungulia. Mama aliyekuja kulipia sare ya mwanawe akasema kwamba na wake aliumwa tumbo juzi, na mwingine nje akadakia. Nilizidi kupaza sauti, na sitaficha, nilijisikia mtu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mwalimu mkuu aliogopa. Aliamua jiko lifungwe mpaka kikao cha wazazi, na mpishi akae nyumbani. Mpishi wa shule ni mama mmoja mtu mzima, watoto humwita Mama Mwiko. Alifungua aproni yake, akaikunja, akaja mpaka niliposimama.

"Baba Bonge, mtoto anaendeleaje?"

Nikampa mgongo.

Basi, uji ukakatika. Wapo watoto pale shuleni ambao kikombe kile ndicho chakula chao mpaka jioni. Ikifika saa ya mapumziko wanakaa kwenye kivuli cha darasa, hawachezi. Wengine walisinzia juu ya madawati. Msichana anayekaa na Njiti alimwambia mbele ya wenzao:

"Mwambie baba yako atuletee basi hizo kelele zake tuzile."

Wakacheka. Nyumbani Njiti alirudia kupika kila kitu upya kwa mkaa, mchana akija mbio wakati wa mapumziko na jioni tena, macho mekundu kwa moshi. Kapu alilisukuma chini ya kitanda. Mimi sikuuliza. Nilidhani amechoka kama mimi.

Siku ya kikao wazazi walijaa darasani, wengine wamekalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mama Mwiko alikaa nyuma karibu na mlango. Mwalimu mkuu akanipa nafasi niseme. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema mpishi aondolewe moja kwa moja, na aliyemwajiri aondoke naye, maana nchi hii watu wanakosea na hakuna anayeguswa. Watu wakapiga makofi.

"Si uji."

Niligeuka. Njiti alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia.

"Toka nje," nilimwambia.

"Si uji, baba. Ni maharage." Alikuwa akimtazama Mama Mwiko, si mimi. "Niliyarudisha kapuni yakiwa vuguvugu, yakalala humo. Bonge aliyala mchana. Nilipotoka shule nikaikuta sufuria ina povu na inanuka. Nikayamwaga mtaroni, nikaiosha, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza, mwanangu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Shangazi alisema mtoto akiumwa kwa chakula changu atamchukua Bonge."

Mzazi mmoja mwenye mdomo wake akauliza, "Haya, Baba Bonge, sasa tulifukuze kapu?" Wakacheka kidogo, wakaacha. Mimi nilisimama pale pale. Sikuona aibu, sikuona hasira. Nilikuwa nimepoa kama jiko la jana.

Mama Mwiko aliinuka, akamwendea Njiti kwanza. Akamshika bega.

"Umenirudishia kazi yangu, na najua ilikuwa vigumu. Sasa sikiliza nikuambie, usije ukarudia. Kapu lile linapika, halitunzi. Chakula kinachotokota kikiingia humo, moto wake unaua vijidudu. Kikishakuwa vuguvugu, hivyo vijidudu vinapata malazi mazuri kuliko yetu sisi. Pika kinachotosha, kichemke, kiliwe kiishe. Kikibaki, gawa. Kikilala kwenye uvuguvugu, mwaga, hata kama kinanukia vizuri."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe." Kisha akanitazama. Sauti haikupanda. "Na wewe, Baba Bonge. Hospitali wana makosa yao, nami sitawatetea. Lakini kila unapoingia unauliza mkubwa wa hapa ni nani. Nyumbani kwako mkubwa ni nani?"

Nilikaa kwenye dawati dogo, nikamwambia samahani, mbele za watu. Kesho yake jiko la shule likafunguliwa.

Habari haina miguu lakini ilifika mji wa mbali upesi. Mwisho wa juma shangazi alishuka na begi tupu la nguo za Bonge.

"Si nilisema?"

"Ulisema," nilimjibu. "Lakini Bonge haendi."

Alinitazama kama aliyesikia ukuta ukiongea. "Na atapikiwa na nani? Na mtoto huyu huyu?"

"Na mimi."

"Wewe? Kaka, wewe hata yai ukilitazama linavunjika lenyewe."

"Mama Mwiko ananifundisha."

Ilikuwa kweli. Nilikwenda kwake siku iliyofuata kikao, nikamwomba. Msimamizi kiwandani nilimwambia muda wangu ukiisha natoka. Alinuna. Anune. Mama Mwiko alinionyesha kukata kitunguu bila kujikata, na kwamba mtu anayerudi na njaa hahitaji mapishi ya harusi. Kabichi hukatwa nyembamba, hukaangwa upesi na nyanya, mayai huvunjwa juu yake, hufunikwa kidogo, kwisha. Chakula cha mchana cha Bonge tulielewana na jirani, anapata kwake, nasi jioni tunamgawia chetu kikiwa moto. Maharage ya kapuni yaliendelea, ila sufuria naitia mimi asubuhi kabla sijatoka, na jioni naichemsha mimi.

Basi jioni ile nilipika, shangazi amekaa kwenye kigoda, mikono kifuani, ananipima. Njiti alikuwa mezani na hesabu zake. Mara mbili aliinuka kunisaidia, mara mbili nikamwambia akae. Nilipakua.

Bonge alionja, akaacha kijiko. "Baba, mayai haya yalikuwa yanalia?"

"Kwa nini?"

"Yana chumvi kama machozi."

Shangazi aliangua kicheko mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Begi aliliacha tupu. Alisema atarudi mwezi ujao kukagua, na nisijidanganye. Nami nilionja. Chumvi kweli ilikuwa nyingi. Niliisikia.

Njiti alikuwa amechukua kidogo sana kwenye sahani yake, anakichezea. Nilijua anawaza nini, nikamwongezea kijiko.

"Njiti."

"Abee, baba."

"Sikukasirikia maharage. Kila anayepika huharibu, na mimi hapa nimeharibu leo, mnakula kwa kunionea huruma. Ila chakula kikiharibika tunakimwaga, yanaisha. Ukificha, kuna mtu atakila. Bonge alikila, Mama Mwiko akakila, na watoto wa shule nzima wakakila bila kukionja. Siku nyingine ukikosea, niambie mimi kwanza. Hata nikiwa nimekaa kimya."

"Ndiyo, baba."

Akainama, akaanza kula.