Duara la Kahawa

Mtaani kwetu Drammen, Norwe, Halvard Nygård alijulikana kuwa mzee mpole. Kila Aprili sita, mchana kweupe, alikuwa akifunga mapazia. Watu wakadhani ni kumlilia mdogo wake, Eilif.

Mwaka 1940 Halvard alikuwa karani wa wizara ya ulinzi. Jumamosi, Aprili sita, jasusi wetu aliyekuwa kwenye bandari ya Ujerumani alileta taarifa: meli zinapakia askari, zinakuja Norwe. Mkubwa wake alikuwa ameshapanda milimani kuteleza kwenye theluji. Jua lilikuwa zuri. Halvard akaweka kikombe cha kahawa juu ya karatasi ile, akachukua mbao zake za kuteleza, naye akaenda. Itasubiri Jumatatu, alijiambia.

Jumanne alfajiri ngome ambayo Eilif alikuwa askari wake ilivamiwa. Walimkuta amekufa miguu mitupu, hakupata hata muda wa kuvaa viatu. Simu moja tu, na mizinga ingekuwa tayari. Pengine nchi isingekaliwa miaka mitano. Majuto ni mjukuu, na huyu alihamia kwa Halvard.

Kila Aprili sita karatasi ile ilirudi mezani kwake. Aliichoma. Mwaka uliofuata ikarudi, na duara la kahawa bado bichi.

Mwaka wa ishirini alishindwa kuvumilia. Akakanyaga theluji mpaka kwa Ragnhild, mjane wa Eilif, aliyekuwa akioka keki nyembamba kwa chuma cha moto.

“Karibu, shemeji. Umekonda! Au unakula mapazia yako?”

Halvard hakucheka.

“Ragnhild, taarifa ilikuwa mkononi mwangu. Nikaenda kuteleza. Mimi ndiye niliyemuua.”

Mwanamke hakulia. Alivuta droo. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na tisa, kila moja na duara lake.

“Wewe ulichoma zako,” alinong’ona. “Mimi nilitunza zangu.”

“Nani anakuletea?”

Ragnhild akamimina kahawa. Vikombe vitatu.

“Mimi nilikusamehe zamani, shemeji. Nilikuwa nangoja useme tu. Sasa mwambie yeye.”

Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Kikombe chake kilikuwa kimekalia karatasi ya ishirini.

Halvard aligeukia mlango. Sakafuni kulikuwa na nyayo zake za viatu, za theluji inayoyeyuka. Nyuma yake, hatua kwa hatua, zilifuata nyayo za miguu mitupu.

Zilikuwa za kuingia tu.