Bomba Chini ya Theluji

Gari liliserereka kwenye kona, likatumbukia mtaroni. Dhoruba ya theluji ilikuwa imeshafuta barabara yote ya kwenda mji wa Goose Bay. Mzee Selby Rumbolt alitoka kusukuma, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika. Noreen, mkwewe, alimvuta ndani, akamfunga mkono kwa skafu na mwiko wa kupikia. Simu hazikushika mtandao, na injini iligoma kuwaka.

Selby alikuwa akimpeleka Noreen kuanza kazi mjini, maana nyumba yake ya kijijini Port Hope Simpson ilimshinda kukaa tangu Garland afe. Garland, mwana wa Selby na mume wa Noreen, alifia ndani ya gari hili hili la kulalia safarini, katika safari ya kuwinda. Alilala akiwa amewasha hita ndogo ya gesi isiyo na bomba la moshi. Ilikula hewa aliyokuwa akiivuta, ikamwachia sumu isiyo na harufu.

Baada ya mazishi Selby alishinda kiangazi kizima akisoma habari za hita. Alichagua ile iliyozibwa pande zote, inayovuta hewa kutoka nje na kutema moshi nje. Alitoboa ubavu wa gari mwenyewe, akapitisha bomba, akaziba kingo, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi akitafuta kiputo cha kuonyesha gesi inavuja. Hakuona hata kimoja. Noreen hakuja kutazama.

Sasa maji yalianza kuganda chupani. Selby akanyoosha mkono wa kushoto kwenye swichi.

"Usiiwashe, Baba."

"Tutaganda, mwanangu."

"Basi tugande. Garland naye aliniambia hakuna shida."

Selby hakubishana. Alimwambia kwamba ataiwasha mlango ukiwa wazi, na Noreen atoke nje kwanza. Akaiwasha, kisha akatoka kumfuata, akamshika mkono, akauweka mbele ya bomba. Hewa nzito, ya moto, ilimpulizia Noreen kiganja.

"Sumu yenyewe ndiyo hiyo," Selby alisema. "Inaishia huku."

Noreen alisimama pale hadi kope zikajaa theluji. Kisha akaingia, akaufunga mlango kwa mkono wake.

Jioni hita ilikohoa, ikazima. Theluji ilikuwa imefukia bomba. Selby alipoinuka, Noreen alimkalisha.

"Na mkono huo, uende wapi? Kaa."

Alijifunga kamba kiunoni asipotee kwenye dhoruba, akatoka na sufuria, akalichimbua bomba, Selby akaiwasha hita tena. Upepo ukafukia tena, naye akatoka tena. Kila aliporudi alipeleka vidole mbele ya hita ile aliyoiogopa, hadi viwili vikakataa kupata joto. Baadaye madaktari walivikata ncha.

Kulipokucha greda la kusukuma theluji lilisimama kando yao. Dereva aligonga kioo akiuliza kama kuna mtu aliye hai humo. Noreen alifungua, joto likampiga dereva usoni. Akawaambia wana bahati, akaenda kuita msaada kwa redio.

Noreen alikaa kwenye ngazi ya mlango, akalia jinsi ambavyo hakulia siku ya kuzika.

"Kumbe mtu anaweza kulala humu akaamka, Baba."

Selby alijibana kando yake kwenye ngazi, nyuma yao hita ikiendelea kuunguruma taratibu.